Daftari la mahari halina kashe

Bwana Mhariri,

Mume wangu alifariki mwaka jana. Nilipokwenda kwa mwajiri wake kuuliza mafao, kijana wa dirishani aliniomba akti ya ndoa, yaani cheti cha serikali. Nikamtolea daftari la mahari. Ni daftari la shule tu, jalada limechakaa. Ndani mjomba wangu aliandika kwa biki ya buluu: mbuzi 2, suti ya baba, vitenge vya mama, blanketi, na pesa. Chini kuna sahihi sita na doa la bia ya siku ile. Kijana akalifunua, akaligeuza nyuma, akarudi mbele. Alikuwa anatafuta kashe, yaani muhuri wa serikali.

Sheria yetu ya Familia ya Kongo, ya 1987, haikatai ndoa ya kimila. Inasema mkishaoana katika familia, mnao mwezi mmoja wa kwenda kuiandikisha kwa afisa wa etasivili, yaani mwandikishaji wa ndoa wa serikali. Mwezi mmoja! Sisi wetu uliishia kulipa madeni ya viti na bia. Baadaye tulifunga kanisani. Padri alitudai vyeti vya ubatizo, mashahidi na mafundisho ya wiki nyingi, lakini kutuuliza kama tumefika komini, ofisi ya serikali ya mtaa, hata siku moja. Na hiyo ndoa ya kanisani, mbele ya Leta, yaani serikali, peke yake haina nguvu.

Babu zetu wa Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba ya wakati wa Wabelgiji, walikuwa na afadhali kidogo. Kampuni ilitaka wafanyakazi waoe watulie kambini, hata ikawakopesha mahari. Bibi akaandikwa, akapata posho. Ilikuwa kwa faida yake yenyewe, najua, ila bibi alijulikana. Na jirani zetu wa Tanzania, tangu sheria yao ya 1971, mume na mke wakikaa pamoja miaka 2 na watu wakiwajua hivyo, mahakama huwahesabu wameoana mpaka mtu alete ushahidi wa kupinga. Mimi nimekaa miaka 29, nimezaa watano.

Sasa naambiwa nitafute hukumu mahakamani, nipeleke mashahidi. Katika wale sita, aliyebaki hai ni mmoja, na hasikii vizuri.

Ninachoomba ni kidogo. Padri na wachungaji wadai akti kabla ya kubariki. Na komini itume karani wake siku ya mahari, na kashe yake mfukoni: wajomba wa pande zote wapo, wamekaa, na daftari liko wazi mezani.

Mama mshonaji,
Katuba, Lubumbashi