Simba, Yanga, halafu nini?

Mhariri, habari za kazi. Mimi msomaji wako wa Ngarenaro, gazeti nalianzia nyuma kwenye michezo kama wengi, na kila siku ni Simba na Yanga, msemaji huyu kasema, mwenzake kajibu, mpira wenyewe hata haujachezwa jamani. Septemba 2025 Alphonce Simbu kachukua dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo, kampita Mjerumani kwenye utepe kabisa, sisi tukashangilia siku mbili tu halafu mjadala ukarudi kwenye jezi mpya. Filbert Bayi wa Karatu alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974, waulize vijana pale kijiweni, watakwambia hilo ni jina la shule!

Wanasiasa nao wamejifunza hukohuko, sera huisikii, unapewa fulana na kofia. Ya kwangu nafutia bodaboda, na kwa kweli inafyonza maji kuliko taulo. Sasa huu uwanja wa AFCON 2027 hapa kwetu, kabla watu hawajaanza kugombania mabango, naomba tuambiwe watoto wa mtaani wataingia lini kuchezea.

Msomaji, Arusha