ECG ikiwa safi haimaanishi mtu amepona

Mhariri,

Makala yenu ya tiba mpya za moyo unaodunda bila mpangilio nimeisoma mara mbili, na asanteni sana kwa kuigusa hii mada manake wengi wetu tulianza kwa kuambiwa ni mawazo tu, kalale. Ila kuna sehemu imenikaa vibaya, pale mlipoandika kama vile dawa ikishatuliza mstari wa ECG (kipimo cha umeme wa moyo) basi kazi imeisha. Hapana jamani.

Miaka ya 80 ilijulikana kwamba mtu aliyenusurika shambulio la moyo akibaki na mapigo ya ziada anaweza kufa ghafla, kwa hiyo madaktari wakawa wanatoa dawa za kuyazima, flekainaidi na enkainaidi, na kweli mapigo yalikuwa yanatulia, ECG safi, kila mtu ana furaha. Kuja kufanya jaribio lenyewe kule Marekani, lile la CAST, wengine wakapewa dawa wengine vidonge vitupu visivyo na dawa ndani, kumbe wanaomeza dawa ndo wanakufa zaidi! Waliopewa dawa walikuwa 755 wakafariki 63, wa vidonge vitupu 743 wakafariki 26, hiyo ni kama miezi 10 tu. Zikasimamishwa kwenye jaribio hilo 1989. Sababu ni kwamba dawa zile zinapunguza kasi ya umeme wa moyo, sasa kwenye moyo wenye kovu ule umeme unaochelewa unapata njia ya kuzunguka na kurudi ulikotoka, na hapo ndo balaa linapoanza. (Flekainaidi bado inatumika na inasaidia watu wasio na kovu, tafadhali asiache mtu dawa yake kwa sababu ya barua yangu.)

Mimi mwenyewe nina fibrilesheni ya atiria, mwaka wa sita huu, vile vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kusukuma damu, na damu ikituama humo inaweza kuganda na kuleta kiharusi. Mapigo yalipokaa sawa nilitaka kuacha dawa ya kuzuia damu kuganda, nikajiona nimepona, daktari wangu akakataa katakata, na alikuwa sahihi kwa sababu kwenye jaribio la AFFIRM la 2002, la wagonjwa kama mimi, wengi waliopata kiharusi ni walioacha warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, au ambao kipimo cha damu kilionyesha dawa haiwatoshi.

Sasa hii ablesheni mpya (kuua sehemu ndogo ya nyama ya moyo inayovuruga mapigo) ya kutumia umeme wa mpigo mfupi sana badala ya kuunguza au kugandisha kwa baridi naifurahia kweli, manake joto lilikuwa na hatari ya kufika mpaka kwenye umio, na hii inalenga zaidi nyama ya moyo. Nitaikubali nikishauriwa. Lakini nataka ipimwe kama walivyofanya kwenye jaribio la EAST-AFNET 4 la wenye fibrilesheni, matokeo ya 2020, watu 2,789, walihesabu vifo vya moyo na kiharusi na waliolazwa hospitali, siyo mstari peke yake, na ndo maana waliposema kuwahi kurekebisha mapigo kunasaidia mi niliwaamini.

Kwa hiyo Mhariri, mkiletewa tena habari ya tiba mpya waulizeni wagonjwa wamefuatiliwa miaka mingapi, wangapi wamepata kiharusi, wangapi wamefariki, na wanaopanda ngazi bila kuhema wameongezeka au ni walewale.

Msomaji wenu mwenye fibrilesheni