Kuba ile si ya Salahuddin

Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe maelezo ya picha iliyopamba makala yenu kuhusu Kairo. Mmeandika "Ngome ya Salahuddin, karne ya 12", ilhali kinachoonekana ni kuba na minara miwili myembamba ya msikiti wa Muhammad Ali Pasha, mtawala wa Misri wa karne ya 19, ulioanza kujengwa 1830 kwa mtindo wa Istanbul. Salahuddin, sultani wa Misri, alifariki 1193.

Kosa hilo si lenu peke yenu. Vijana wetu wanaosoma Al-Azhar nao huturushia picha hiyohiyo kwa maneno hayohayo. Lakini ngome ile inasomeka vizuri, mradi uyatazame mawe ya kuta zake. Salahuddin aliianza 1176, akamkabidhi kazi amiri Qaraqush, ambaye alivunja piramidi ndogo za Giza apate mawe (jambo ambalo sifa za ujenzi huo hulipita mbio). Msafiri Ibn Jubayr wa Andalusia alipopita 1183 aliwakuta mateka wa Kikristo wakichonga mawe na kuchimba handaki. Mwenye ngome hakuwapo: alikwenda Sham (Siria) mwaka uliotangulia, wala hakurudi tena Misri.

Waliobaki ndio walioendeleza. Mwanzoni mwa karne ya 13 al-Kamil, mwana wa nduguye, aliongeza buruji (minara ya ulinzi) kubwa za mraba. Zile mbili za duara, Burj al-Ramla na Burj al-Haddad, hakuzibomoa. Alizizungushia ukuta mwingine mnene kwa nje, hata buruji ndogo ya awali imo ndani ya kubwa kama kokwa ndani ya embe. Creswell, mtaalamu Mwingereza wa majengo ya Kiislamu aliyechapisha uchunguzi wake wa ngome hii 1924, alizitofautisha zama hizo kwa kuangalia uchongaji: mawe madogo yaliyosawazishwa ni ya Salahuddin, na yale yaliyoachwa na uvimbe usoni ni ya al-Kamil.

Karne ya 14 sultani wa Kimamluki al-Nasir Muhammad akajenga msikiti wake na majumba ya fahari. Mabaki ya majumba hayo ndiyo Muhammad Ali aliyoyaondoa ili apate uwanja wa msikiti wake.

Mkitaka picha ya Salahuddin hasa, wekeni lango la Bab al-Mudarraj, lenye maandishi yanayomtaja yeye, nduguye al-Adil na Qaraqush. Au Bir Yusuf, kisima kilichochongwa mwambani kwa kina cha mita zipatazo 90, ambako ng'ombe waliteremshwa hadi katikati kuzungusha magurudumu ya maji. Makala yenu haikukigusa kabisa.

Msomaji wenu,
Tanga