Geneva hakuna mahakama ya viwanja

Colchester, Uingereza

Mama mpenzi,

Assalaam alaykum. Mimi ni mzima, wasiwasi wangu ni nyinyi. Baridi imeshika, na saa kumi jioni kiza kishaingia. Ukichelewesha Alasiri kidogo, Maghribi imekukuta.

Ujumbe wa Ami nimeusikiliza. Ati kwa kuwa nasomea haki za binadamu, kesi ya kiwanja cha Kisauni niifikishe Geneva. Msomee haya, ila mpe kahawa kwanza.

Geneva hakuna mahakama ya viwanja. Kuna Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, inayosimamia mkataba wa 1966 wa haki za kiraia na kisiasa. Kenya imo katika mkataba huo tangu 1972, lakini itifaki, yaani mkataba wa nyongeza, inayomruhusu mtu binafsi kuishtakia nchi yake kwa kamati hiyo haijairidhia. Mlango huo Ami hana.

Arusha je? Mahakama ya Afrika ya haki za binadamu ipo, na Kenya imeikubali, ila haijatoa tamko la kuwaruhusu raia kwenda moja kwa moja. Waogiek, wenyeji wa msitu wa Mau waliokuwa wakifukuzwa humo, walianzia Tume ya Afrika ya haki za binadamu 2009, Tume ndiyo ikaipeleka kesi Arusha 2012. Wakashinda 2017, na fidia ikatajwa 2022: shilingi milioni 157.85. Kutajwa, Mama, si kulipwa.

Tena kote huko utaulizwa: mahakama za kwenu umezimaliza? Ami hata ya kwanza hajaimaliza. Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu, kifungu cha 56, unasamehe pale kesi inapoburutwa kupita kiasi. Lakini tarehe nyingi za kesi yetu aliyeomba zisogezwe ni wakili wetu wenyewe. (Hili la wakili ulilainishe.)

Aitazame kesi ya Owino Uhuru, hapo Mikindani tu. Watu walidhurika na risasi, yale madini, kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Walikwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapo hapo Mombasa, wakashikilia kifungu cha 42 cha katiba, haki ya mazingira safi. 2020 wakapewa shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Nilipoitaja darasani niliitwa mbele, nikajikuta nawachorea Wazungu ramani ya Jomvu na Changamwe ubaoni! Tasnifu yangu nimeamua iwe juu ya hilo: jaji akishasema, pesa zinatoka vipi mikononi mwa serikali? Vitabu vingi huishia kwenye hukumu, kana kwamba hukumu inapikika.

Basi Ami aende masjala, aombe nakala za mwenendo wa kesi, zote, mdogo wangu azipige picha anitumie. Nitazisoma bure. Wakili asiambiwe kwanza.

Salamu kwa Baba na majirani. Akipatikana wa kuja huku, mpe achari ya embe, na uifunge vizuri. Ile ya mwisho ilimwagikia kanzu za watu.

Mwanao akupendaye