Mipira ya theluji isiachiwe katika masika yetu

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo ambalo limenigharimu fedha nyingi masika haya, na ambalo nahofia litamgharimu mwenzangu kilicho kikubwa kuliko fedha. Ni juu ya mipira inayokuja na magari yaliyotumika kutoka Japani.

Mimi ni mwalimu, naishi Chake Chake, na gari langu nililinunua Februari, kabla mvua hazijaanza. Ndani ya wiki sita za masika nilipatwa na mikasa mitatu. Wa kwanza ulinifika kwenye mteremko nilipokwisha kuipita Mtambile nikielekea Mkoani: mvua ilikuwa ya rasharasha tu na sikuwa nikienda mbio, lakini nilipogusa breki, sehemu ya nyuma ilihama na gari likaingia mtaroni. Wa pili ulitokea Machomane, ambako gari la abiria lililokuwa mbele yangu lilisimama kuteremsha watu, nami nikakanyaga breki mapema kabisa, lakini langu likaendelea kuteleza taratibu juu ya lami iliyorowa mpaka likaligonga. Mama mmoja aliyempakata mtoto alijigonga kipaji cha uso kwenye chuma cha kiti. Alhamdulillahi hakupata zaidi ya uvimbe, ila kilio cha yule mtoto hakijanitoka masikioni hadi leo. Mara ya tatu nilikuwa natoka Wete, kanyagio la breki likazama mpaka chini, na kilichoniokoa ni kwamba wakati huo nilikuwa napanda mlima.

Wapo waliolaumu uendeshaji wangu, na mzee wangu alinihimiza nitoe sadaka na nisiache dua ya safari, jambo ambalo nimelifanya na nitaendelea nalo. Aliyenifumbua macho ni fundi. Alifuta tope ubavuni mwa mpira kwa kitambaa, akaniita nisome. Palikuwa na neno STUDLESS kwa herufi kubwa, na kando yake mchoro mdogo wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Mbele kidogo zilikuwepo tarakimu nne, 3513, maana yake mpira ulitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2013. Baina ya kashata, yaani yale meno ya mpira yanayoshika barabara, kulikuwa na mipasuko midogo ya uzee ambayo ukucha wangu uliingia.

Hii ni mipira ya kuendeshea juu ya theluji na barafu. Japani zamani walifunga mipira yenye misumari, wakapitisha sheria ya kuizuia mwaka 1990 kwa sababu misumari ilikuwa ikiichimba lami na kulijaza vumbi hewani. Badala yake ikaenea hii isiyo na misumari, ambayo hushika barafu kwa ulaini wa mpira wenyewe na kwa vijikato vingi vyembamba kama vya wembe. Katika mikoa kama Hokkaido na Aomori mwenye gari huifunga majira ya baridi na kuivua theluji inapokwisha, na kashata zikilika hadi nusu, vinundu vya alama hujitokeza kumjulisha kuwa haifai tena kwa kazi hiyo. Kwa hiyo gari likiuzwa na mipira ya namna hii, mara nyingi sisi ndio tunaopokea iliyokwisha kutumika hata huko kwao.

Mpira huo umechanganywa ili ubaki laini joto linaposhuka chini ya nyuzi 7. Hapa Pemba hata usiku wa kipupwe joto huwa juu ya nyuzi 20, na lami ya adhuhuri haikanyagiki kwa miguu mitupu. Katika joto hilo kashata zake hulegea na kuyumba breki inapokamata, hulika upesi, na juu ya maji gari huhitaji masafa marefu zaidi ndipo lisimame. Barabara zetu nazo ni za milima, kona na miteremko, na udongo mwekundu hushuka kwenye lami kila inaponyesha.

Ule mkasa wa tatu nao una asili hiyo hiyo ya baridi. Huko barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo huingia chini ya gari na kula chuma. Fundi alinionyesha paipu ya breki iliyobanduka magamba kama ganda la mti, ilhali gari lilikuwa halijamaliza miezi mitatu kisiwani. Upepo wa bahari yetu haukuwa na muda wa kufanya hayo.

Aliyeniuzia alisifu mashine, rangi na redio, na kuhusu mipira alisema ni ya Kijapani, ingali na kashata. Sidhani kuwa alijua zaidi yangu. Ndiyo maana nawaomba wanaohusika na ukaguzi wa magari yanayoingia nchini walizuie gari lenye mipira ya theluji lisisajiliwe mpaka libadilishwe mipira, na walipandishe juu wakague chesesi na paipu za breki kwa tochi. Magari ya abiria yaanze, pamoja na mipira ya mitumba inayouzwa mmoja mmoja madukani. Najua mipira minne mipya ni mzigo mkubwa kwa dereva anayetafuta riziki ya siku. Mimi mwenyewe nimekopa. Lakini kusoma ubavu wa mpira hakuna malipo, na kila mwenye gari anaweza kuinama leo akausoma.

Nilipobadilisha, kijana mmoja anayeendesha gari la abiria alitaka kununua ile ya zamani kwa bei ndogo. Nilimwonyesha mchoro wa mlima na zile tarakimu, nikamwomba radhi, kisha nikamwambia fundi aikate yote minne kwa msumeno mbele yetu.

Mwalimu,
Chake Chake, Pemba.