Samaki wa mto Ohio

Columbus, Ohio

Mjomba, shikamoo.

Huku hatujambo, ila baridi imeanza kutuandama. Uliniuliza kama kweli Wamarekani huchoma makaa ya mawe na wasidhurike. Wanadhurika, mjomba.

Kila wiki napitisha lori kando ya mto Ohio. Pale Cheshire kuna mtambo wa umeme wa makaa uitwao Gavin, megawati 2,600. Ule waliotaka kutujengea Kwasasi, huko kwetu Lamu, ulikuwa 1,050. Mwaka 2001 pale Cheshire mawingu ya samawati yenye tindikali yalishuka hadi majumbani, watu wakiwashwa macho na koo. Mwaka uliofuata kampuni ikanunua karibu kijiji kizima kwa dola milioni 20, watu wakahama. Leo ni viwanja vitupu, nyasi zimekatwa vizuri.

Mtoni nilimkuta mzee akivua. Akaniambia yeye hawali samaki wake zaidi ya mara moja kwa wiki. Ndivyo serikali ya jimbo inavyoshauri, kwa sababu ya zebaki, metali yenye sumu. Makaa yakichomwa, zebaki hupanda na moshi, hurudi na mvua, ikajikusanya katika minofu. Samaki mkubwa anayekula wadogo ndiye mwenye nyingi zaidi, na anayeumia zaidi ni mtoto aliye tumboni, ubongo wake. Nikamfikiria bibi, aambiwe samaki ni siku moja tu kwa wiki!

Mwaka 2011 EPA, idara ya serikali ya mazingira, ilitoa kanuni ya kuzuia sumu hiyo. Gharama yake ilikadiriwa dola bilioni 9.6 kwa mwaka. Wapinzani wakashika hesabu moja: faida ya kupunguza zebaki peke yake ni milioni 4 hadi 6. Lakini vifaa hivyohivyo hunasa na vumbi laini linalozama mapafuni, na ukihesabu roho zinazookolewa, faida hufika bilioni 37 hadi 90. Ugomvi wote uko hapo, kipi kihesabiwe na kipi kiachwe. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu, majaji 5 kwa 4, ilisema gharama ilipaswa kupimwa tangu mwanzo. Wakati huo kampuni nyingi zilikuwa zimeshaweka vifaa. Mwaka 2024 kanuni ikakazwa, na 2025 Rais Trump akaipa mitambo mingi msamaha wa miaka miwili.

Dereva mwenzangu ni mtoto wa mchimba makaa wa West Virginia. Mtambo wa kwao ulipofungwa, kodi iliyolipa walimu ilikatika. Sithubutu kumwambia hofu yake ni bure. Ila kifaa cha kusafisha moshi kina risiti, mjomba, na mama aliyezaa mtoto mzito wa kujifunza hana risiti ya kumpelekea mtu.

Yale makaratasi ya 2019, leseni ya ule mtambo wa Lamu ilipofutwa kwa kuwa wenyeji hawakushirikishwa ipasavyo, yaweke pakavu. Mniwekee na samaki changu nikija mwezi wa nane, nataka kula siku saba mfululizo.

Mpwa wako