Barua kwa Mwanangu: Samaki Aliyekakamaa

Mikindani, Mtwara

Mwanangu Zuhura,

Marahaba. Meseji yako nimeisoma mara mbili, nikaona jibu lake halienei kwenye simu. Unasema somo la vitu laini vyenye mnato na unyumbufu ulilifuata vizuri, ukapotea mhadhiri alipofika kwenye maada tendaji, yaani vitu vinavyojisukuma kutoka ndani kwa nishati yao wenyewe. Wacha mwalimu mstaafu ajaribu.

Anzia kwenye ugali wa makopa wa bibi yako. Ukiubonyeza upesi kwa kidole unarudi kama mpira. Ukiuacha kwenye sinia, polepole unatandaa. Ugali ni uleule, muda ndio tofauti. Mwanafizikia Maxwell alilitia jambo hilo kwenye hesabu mwaka 1867: gawa mnato (ukinzani wa kutiririka) kwa ugumu wa kunyumbuka, unapata muda wa kulegea. Kabla ya muda huo kitu kinajibu kama springi, ukipita kinatiririka. Haya unayajua.

Lakini ugali hauna lake, unangoja usukumwe. Seli haingoji. Ndani yake mna nyuzi za protini iitwayo aktini, na protini nyingine, miyosini, inazivuta hatua kwa hatua, nanomita chache kila hatua, kwa nishati ya ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli. Mwaka 2007 watafiti wa Amsterdam walitengeneza wavu wa aktini, wakatia miyosini na ATP. Ugumu wake ukapanda karibu mara 100, na hakuna mtu aliyeuvuta kutoka nje! Ni kama jarife ambalo kila fundo lina mvuvi wake anayekaza kamba.

Hapo ndipo nadhani uliteleza. Kwenye ugali, mtetemo unaoletwa na joto unatosha kukupa mnato na ugumu wake bila hata kuugusa. Kwenye wavu ule, mitetemo ya polepole ilizidi kile ambacho joto peke yake lingeweza kuleta. Kwa hiyo usipime kwa kutazama tu. Sukuma uone unavyojibu, kisha linganisha na mtetemo. Ile ziada ndiyo kazi ya miyosini.

Juzi nilinunua samaki aina ya changu pwani, bado laini mkononi. Kufika adhuhuri alikuwa mgumu kama ubao, baba yako akashikilia kwamba nimeuziwa samaki wa jana. Tulibishana mpaka wali ukapoa. Miyosini ikishika aktini, ATP ndiyo inayoiachisha. Samaki akifa, ATP inakwisha, mishiko inabaki palepale, mwili unakakamaa. Baadaye nyama yenyewe inavunjikavunjika, ndipo analegea. Huyo wangu alikuwa wa asubuhi ileile. Na angalia: msuli ulio hai unalipia kuvuta, na unalipia kuachia pia. Mimi mwenyewe nilifundisha miaka mingi kabla hilo halijaniingia sawasawa.

Ukija likizo tutashuka pwani maji yakipwa, ukamguse jongoo bahari. Ngozi yake inakuwa ngumu ukiwa umemshika, na si kwa msuli: neva ndizo zinazoamuru nyuzi za kolajeni, protini ya ngozi, zishikamane au ziachiane. Je, naye utamweka kwenye fungu la maada tendaji? Mimi nasita, kwa sababu ngozi ile haivuti, inabadilisha mshiko tu. Baba yako anasema ndiyo, ila yeye bado ana hasira za changu.

Korosho zako zimo kwenye basi la kesho.

Mama yako